Mwalimu, nikimaliza kitabu nisemeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nipo Morogoro. Tangu mwaka jana tupo wanawake sita tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi, nyumbani kwa mmoja wetu, kuzungumzia kitabu tulichosoma. Tumeshasoma Rosa Mistika, Vuta N'kuvute na Peponi, sasa tunaanza Kuli. Kusoma nakupenda, hata usingizi napunguza. Lakini zamu yangu ya kuongea ikifika nasema "kizuri sana" halafu nanyamaza, au nasimulia hadithi yote mpaka wenzangu wanachoka. Kwenye Rosa Mistika wote walisema ni kisa cha msichana aliyeharibika kwa kukosa maadili. Mimi sikuona hivyo, ila sikujua niseme nini. Maoni juu ya kitabu yanatolewaje? Na inafaa kusema sikukipenda kitabu ambacho kila mtu anakisifu?

JIBU: Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposema "mimi sikuona hivyo". Maoni unayo tayari. Ulichokosa Jumamosi ile ni ukurasa wa kuyaegemeza.

"Kizuri sana" si maneno mabaya. Ukimwambia jirani kwamba fundi fulani ni mzuri, atakuuliza alikushonea nini, nawe utamletea gauni, utaligeuza ndani nje, utamwonyesha mshono wa begani ulivyokaa na upindo ambao haujafumuka baada ya kufuliwa mara kumi. Hapo ndipo atakapokuamini, au atasema mshono ni safi lakini kola imelala upande mmoja. Kitabu nacho kinataka kugeuzwa hivyo mbele ya watu. Ukisema kizuri bila kuwaonyesha mshono, wenzako hawana cha kukuunga mkono wala cha kukupinga, na mazungumzo yanakufa hapo hapo.

Nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuwa mhariri, na naamini shida yako ilianzia darasani kwetu. Tuliwafundisha kusoma kwa ajili ya mtihani. Kwenu bara swali la insha lilitaka hoja tatu kutoka kila kitabu, na wanafunzi wakazikariri zile hoja kwenye vitini: malezi, ukombozi wa mwanamke, matabaka. Nimesahihisha mamia ya karatasi zilizosema Rosa "ameathiriwa na malezi mabaya", na nilipowaita baadhi ya wenyewe nikawauliza Rosa alifanyiwa nini na nani, wakatazama chini. Riwaya hawakuifungua. Hoja walikuwa nayo, na kitu kilichoizaa hawakukijua. Mtu akilelewa hivyo, akija kukaa ukumbini kwa rafiki yake na kikombe cha chai, bila maksi wala kalamu nyekundu, hajui aanzie wapi. Ama anatafuta dhamira kubwa, ama anasimulia ploti kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kuna kitu kimoja cha mtihani, hata hivyo, ambacho ningependa ukichukue. Wenzetu wa Kenya huulizwa waeleze muktadha wa dondoo: maneno haya kasema nani, akimwambia nani, wakiwa wapi, kwa sababu gani. Wanafunzi hulichukia swali hilo kwa sababu linahitaji mtu awe amesoma kweli. Kwa kikao chenu ni dhahabu. Usianze na dhamira, anza na mahali.

Sasa tumrudie Rosa. Wasiosoma riwaya hiyo waruke aya mbili zinazofuata, sitaki kuwamalizia uhondo.

Fungua kitabu kule mwanzoni, nyumbani kwao Ukerewe. Rosa amepata barua kutoka kwa mvulana, Charles. Baba yake, Zakaria, anaigundua na kumpiga vibaya sana. Soma ukurasa huo polepole, kama hukuwahi kuusoma, na ujiulize binti anajifunza nini pale. Kitu cha kwanza anachofundishwa kuhusu wanaume ni kipigo, na anayemfundisha ni mlevi ambaye nyumba yake yote inamwogopa. Halafu fuata mstari huo: shule ya masista kule Mwanza, kisha chuo cha ualimu hapo hapo Morogoro mlipo ninyi, mahali ambapo mkono wa Zakaria haufiki tena. Wenzako wanaosema alikosa maadili hawasemi uongo. Kitabu kimejaa matendo ya Rosa ambayo mwandishi hayapambi wala hayafichi. Lakini mwandishi huyo huyo hakuiacha hadithi iishe na kifo chake. Anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, na suala la nani alaumiwe linatamkwa waziwazi. Mtu aliyetaka kutuambia tu kwamba wasichana wabaya huishia vibaya asingehitaji sura hiyo. Angefunga kitabu kaburini.

Umeona? Hayo ni maoni, na yana kurasa mbili za kuyashikilia, ya mwanzo na ya mwisho. Ungeweza kuwaambia hivi: "Wenzangu, mimi nilisimama pale Rosa anapopigwa kwa ajili ya barua. Baba anadhani anamlinda, lakini anachompa ni hofu, na hofu haikusafiri naye mpaka Morogoro. Kwa hiyo nikisikia alikosa maadili, nauliza: nyumbani alipewa nini badala yake?" Kisha ukanyamaza. Mmoja wao atasema, lakini mbona wadogo zake walilelewa na baba huyo huyo? Hilo ni swali zuri mno, na litawarudisha nyote kwenye kitabu badala ya kuwabakisha kwenye semina ya malezi.

Tena mjue hamkuwa wa kwanza kugombana juu yake. Riwaya hiyo ilitoka 1971, Euphrase Kezilahabi akiwa kijana wa miaka 27, na kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Kuna watu wazima waliokisoma wakaona kinapotosha, na wengine wakaona kinasema ukweli ambao nyumba nyingi zilikuwa zinaufunika. Kikao chenu kimeendeleza mabishano ya zaidi ya miaka 50. Mimi nipo upande wako, nisilifiche hilo.

Kuhusu kusimulia mno. Wenzako wamesoma kitabu hicho hicho, kwa hiyo hawahitaji hadithi, wanahitaji kujua umesimama wapi ndani yake. Na hata ukizungumza na mtu ambaye hajasoma, mpe tu nani, yuko wapi, anataka nini na nini kimemzuia. Kwa Vuta N'kuvute ningesema: ni Unguja ya wakati wa ukoloni, binti wa Kihindi anayeitwa Yasmin ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anatoroka, na ndugu zake mwenyewe wanapomkataa anapokewa na Mwajuma wa Ng'ambo. Basi. Yanayofuata ni mali ya msomaji, usimnyang'anye.

Baada ya hapo ndipo useme lako. Langu ni hili: wasomaji wengi huzungumza habari za Yasmin na Denge, mapenzi yao na ile kazi ya siri ya kuupinga utawala, na ni haki yao, maana ndiyo inayoivuta riwaya mbele. Lakini mimi kila nikirudi kwenye kitabu hicho narudi kwa Mwajuma. Hana mali, hana elimu, hana jina mjini, na ndiye anayefungua mlango. Shafi Adam Shafi angeweza kumfanya mtu wa pembeni, wa kuleta habari na kuchekesha. Badala yake amempa nyumba ambayo riwaya nzima inapitia. Nikitaka kumshawishi mtu asome Vuta N'kuvute, simwambii ni riwaya ya ukombozi. Namwambia kuna mwanamke mmoja ndani yake ambaye angependa kuwa jirani yake.

Halafu msikilize lugha. Kiunguja cha riwaya ile kinataka kusikika. Ninyi wa bara mtakutana na maneno ambayo hamyatumii, msiyaruke kimya kimya. Mmoja wenu asome ukurasa mmoja wa majibizano kwa sauti, kama watu wanaogombana kweli uani, na mtaona watu wanapata sura. Kusema "mazungumzo yake yako hai, sikilizeni hapa" ni maoni kamili. Na kinyume chake pia: kuna vitabu ambavyo kila mhusika anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, mtoto na bibi yake wakitumia sentensi zile zile. Lisemeni mkiliona, na msome mfano. (Kama kuna aliyetazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya hiyo, atangaze mapema anazungumzia kipi. Nimeshakaa kwenye kikao watu wakabishana nusu saa, mmoja akiwa na filamu kichwani, mwingine akiwa na kitabu.)

Peponi ni habari nyingine, kwa sababu hapo mmesoma mikono miwili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza kikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akakitafsiri, na Mkuki na Nyota wakakitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Ukisema "nimependa maneno yake", fikiri kidogo maneno ni ya nani. Kazi ya mfasiri huonekana mahali padogo: watu wanavyoitana, wanavyosalimiana, wanavyotukanana. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa mama na ndugu wa baba, Kiswahili hakikubali hilo, ni lazima uchague ami au mjomba, na ukichagua umeshasema jambo kuhusu damu. Kwenye kitabu kile, ambapo mtoto wa miaka 12 anaondoka kwao akidhani anafuatana na ndugu mkubwa, kumbe ameshikwa rehani kwa deni la baba yake, neno hilo moja lina uzito wa riwaya nzima. Kwa mtu wa pwani ni kama kitabu kimesafiri mbali, kikarudi nyumbani na kuanza kuongea na shangazi zake. Ningependa kujua ninyi sita mlisikia nini. Kama kuna mahali sentensi ilijikwaa mdomoni, semeni pia. Mfasiri hudhulumiwa kwa namna mbili, kwa kusahauliwa na kwa kusifiwa bila kusomwa.

Sasa ule mzigo wa mwisho: kutokupenda kitabu kinachosifiwa na wote. Inafaa, dada. Inafaa kabisa, ila yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya, "sikukipenda" na "ni kibaya". La kwanza ni habari yako wewe, na hakuna wa kukubishia. La pili ni habari ya kitabu, na hapo unadaiwa ushahidi.

Nikupe mfano wangu. Nilipokuwa na miaka 17 nilisoma Kusadikika ya Shaaban Robert na sikuipenda. Nchi inaelea angani, waziri anaitwa Majivuno, mshitakiwa anaitwa Karama, kila jina limekwisha kukuambia mwenye jina ni mtu gani. Niliona kama nafundishwa adabu na babu. Niliandika hivyo kwenye insha, mwalimu wangu wa wakati huo akaikata kwa wino mwekundu toka juu mpaka chini, na akaisoma mbele ya darasa ili watu wacheke. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilimsifu Shaaban Robert kila nilipoulizwa, bila kumfungua. Woga tu.

Nilipokirudia nilikuwa mtu mzima, na safari hii niliangalia mwaka: 1951. Tanganyika iko chini ya Waingereza. Ndani ya kitabu, mtu mmoja amesimama kizimbani mbele ya mfalme, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, na anachopewa ni nafasi ya kujitetea. Basi anaongea. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia Kusadikika mema, na kila mmoja aliporudi alichoambulia ni kifungo. Serikali nzima imekaa inamsikiliza mshitakiwa akiishitaki. Majina yale yaliyonikera utotoni yaligeuka kuwa pazia ambalo nyuma yake mtu angeweza kusema asichoruhusiwa kusema. Hata hivyo bado nasema kwamba Majivuno hanishangazi hata mara moja toka mwanzo mpaka mwisho, na ninapenda zaidi watu wa riwaya wanaonishangaza. Nakiheshimu sana kitabu hicho, wala sikipendi kama ninavyompenda Mwajuma. Yote mawili ni kweli, na nayasema bila kuogopa wino wa mtu.

Kwa hiyo ukisema hukukipenda, sema ulipokwama. Hata kitabu ambacho hukukimaliza unaweza kukitolea maoni, mradi useme uliishia wapi. Rafiki yangu mmoja aliacha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza njiani, akaniambia: "Mume anataka kumrudisha mkewe, basi kumbe ni lazima kwanza pombe ya ndizi ya ukweni ipikwe, nami nasubiri hadithi ianze." Nilifurahi mno, kwa sababu alinionyesha mahali hasa. Nikamjibu kwamba kwangu mimi hadithi ndiyo ile. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe 1945, akakigeuza Kiswahili mwenyewe, na kikachapwa 1980. Alitaka mila zile zisipotee, kwa hiyo hapiki pombe kwa sentensi moja. Mke hapatikani kwa haraka, na msomaji naye hapewi haraka. Rafiki yangu hakukubali. Alisema kuhifadhi mila ni kazi njema, lakini yeye alitaka riwaya. Tumebishana hivyo miaka kadhaa sasa, na kila tukibishana kuna kipande ninachokwenda kukisoma upya.

Kwa wenzako wakubwa kwako kiumri, pinga kwa heshima lakini pinga. "Dada, nimekusikia. Mimi pale nilisoma hivi," halafu fungua ukurasa. Kitabu kikiwa mezani, anayepingwa si dada yako. Nyote wawili mnainamia maandishi yale yale.

Unaposoma, uwe na penseli, au kama kitabu ni cha kuazima, vipande vya karatasi, hata tiketi ya basi. Weka palipokusimamisha, hata kama hujui kwa nini pamekusimamisha. Usijieleze papo hapo. Kitabu kikiisha, lala nacho usiku mmoja, kisha rudi kwenye vile vipande tu, usome kilichopo. Nusu utaviona havina kitu tena, vitoe. Katika vilivyobaki chagua kimoja, uandike chini yake sentensi mbili kwa maneno unayotumia wodini na sokoni. Kama kimekuchoma, andika kimenichoma. Kama kimelegea katikati, andika kimelegea, na kurasa gani. Dhamira itakuja yenyewe ikiwa ipo.

Kuli nakuonea wivu kukisoma kwa mara ya kwanza. Ni riwaya ya wabeba mizigo wa bandari ya Unguja, ilitoka 1979, na mgomo uliomo ndani yake ulitokea kweli, mwaka 1948. Wengi wataizungumzia siasa yake na watakuwa na mengi ya kusema. Wewe ni muuguzi, umeona migongo na mabega ya watu wanaobeba mizigo kwa ujira. Tazama mwandishi anavyoiandika miili ile, uchovu wake, jinsi mtu anavyoinama na anavyorudi nyumbani jioni, ukaniambie kama amesema kweli. Hilo mimi siwezi kulijua kama unavyolijua wewe. Jumamosi yenu ikipita, niandikie namba ya ukurasa na zile sentensi zako mbili.